Kigoda cha Mwene Kwenye Nyika ya Maua

"Jamani, ngano."

Ilete tuipokee.

"Na nikiiangusha njiani?"

Tutaiokota.

"Basi kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa."

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, palikuwa na nyika juu ya mlima. Si nyika ya joto na miiba. Nyika ya juu, ya baridi, ya nyasi fupi, mahali ambapo mtu akisema neno asubuhi linatoka na moshi mdomoni. Mvua za kwanza zikinyesha, nyika ile huvaa. Huvaa njano, huvaa nyekundu, huvaa zambarau. Yalikuwa maua ya okidi, yale ambayo Mungu aliyaumba siku asiyokuwa na haraka.

Chini ya kila shina la okidi palikuwa na viazi viwili vidogo, vimekaa ubavu kwa ubavu kama mapacha. Pacha mmoja mnene, mweupe. Pacha mwingine mweusi, ana makunyanzi kama kisigino cha mkulima. Wanawake wa kijiji cha Ilundo walichimba viazi hivyo. Walivianika, wakavitwanga, wakachanganya na unga wa karanga na maji ya majivu, wakasonga mpaka vikashikana. Hicho ndicho chikanda, kitoweo kinachokatwa vipande kama nyama na hakina mfupa wa kumkwama mtu.

Lakini kulikuwa na mwiko. Unachimba kwa kijiti kilichochongwa, unapapasa kwa vidole, unamtwaa pacha mnene. Yule mweusi unamrudisha udongoni pamoja na shina lake, unamfukia, unambonyeza kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemlaza mtoto. Mwaka ujao atazaa mwenzake. Mmoja wa kula, mmoja wa kurudi. Hata mtoto wa kunyonya wa Ilundo alijua hivyo.

Sasa sikilizeni. Ilundo alikuwapo mwanamke mmoja, Tusekile jina lake. Mwanamke mchapakazi, mcha Mungu, mwenye moyo mwema na mguu mwepesi. Kasoro yake moja tu: alipenda kusifiwa. Mtu akimsifia Tusekile ugali, kesho anapika mara mbili. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwaka mmoja wifi yake aliolewa. Tusekile akataka chikanda chake kiwe kikubwa kuliko cha wote. Akatazama kijiti chake, akakiona kichelevu. Akachukua jembe. Akapanda mpaka ukingo wa juu kabisa wa nyika, mahali wasipofika wachimbaji, akapiga jembe mara moja. Jembe halina vidole. Jembe halijui nani mnene nani mweusi. Likawatoa mapacha wote wawili.

Akasimama. Akatazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na mtu. Akawatia wote kikapuni, akafukia shimo, akaenda kwenye shina jingine.

Siku ya harusi watu walikula chikanda cha Tusekile wakalamba vidole. Walisema mikono yake imebarikiwa. Ah, jamani, sifa ni tamu. Mwaka wa kwanza alichimba kwa jembe kwa ajili ya harusi. Mwaka wa pili akachimba kwa jembe kwa ajili ya kusifiwa. Mwaka wa tatu akachimba kwa jembe kwa sababu alishazoea. Na kwa kuwa ukingo wa juu ulikuwa mbali, alishuka akauhamia mteremko wa karibu, ule unaotazama bonde.

Mwaka wa nne mvua zikanyesha, nyika ikavaa, lakini mteremko ule ukabaki uchi. Udongo mtupu, kama kichwa cha mzee kilichonyolewa. Wanakijiji wakaulizana ni nani aliyefanya haya. Mmoja akasema ni nguruwe. Mwingine akasema ndiyo, ni nguruwe. Tusekile naye akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema ni nguruwe, tena wakubwa.

Msimcheke. Nani kati yetu hana nguruwe wake wa kusingizia? Mimi ninao kadhaa, Mungu anisamehe.

Sasa huko chini bondeni, kwenye joto, alikaa Mwene Malundo, mtawala wa bonde na mlima. Alikuwa na ng'ombe wengi kama nzi wa machinjioni. Mkuu wa uwanja wake aliitwa Kipesile, mtu mwenye shingo ndefu na maneno marefu kuliko shingo. Kipesile akainua macho, akauona mteremko ule mtupu. Akaenda kwa Mwene akamwambia kwamba nyika ya juu imekufa, haina ua wala kiazi, na heri ng'ombe wapandishwe huko wakale nyasi.

Habari ikafika Ilundo. Wanawake wakalia. Wote walijua kwato za ng'ombe zinavyofanya: wakipita msimu mmoja, pacha mnene na pacha mweusi wote wanakuwa uji. Hakutakuwa na ua, hakutakuwa na chikanda, na watoto watakula ugali kwa chumvi mpaka waote ndevu.

Wakamtuma Tusekile akamsihi Mwene. Kwa nini yeye? Kwa sababu ndiye aliyesifika kwa chikanda. Alishuka bondeni na sifa yake ikimchoma mgongoni kama kaa la moto.

Mwene Malundo hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza. Alisema kwamba yeye hajawahi kupanda huko juu, miguu yake haipendi milima, lakini hapendi kuua kilicho hai. Basi akatoa neno. Kama maua hayo kweli yapo, yachanue uwanjani kwake ayaone kwa macho yake. Yakichanua, nyika itabaki ya maua. Mahindi ya bonde yakikauka kabla maua hayajachanua, ng'ombe watapanda.

Tusekile akapanda mlima mbio. Akachimba okidi ya njano ya kwenye nyasi kavu, akaishusha pamoja na udongo wake. Alipofika uwanjani kwa Mwene akainua jembe ili apande. Kipesile akalinyakua hewani.

"We mwanamke wa mlimani, kwenu hakuna adabu? Kwenye uwanja wa Mwene jembe haliinuliwi. Hata magugu tunang'oa kwa vidole."

Tusekile akaomba radhi, akapanda kwa vidole. Kipesile, kwa ukarimu wa kujionyesha, akaitia okidi samadi ya ng'ombe viganja viwili. Okidi ya nyika haijazoea shibe. Siku ya tatu ikaoza.

Akapanda tena mlima. Safari hii akaleta okidi nyekundu ya kwenye kinamasi, ile inayosimama na miguu majini. Akaipanda kwa vidole, akaimwagia maji asubuhi na jioni. Jua la bonde likayanywa maji yote likatafuta mengine. Siku ya tatu ikakauka.

Akapanda mara ya tatu. Akaingia msituni, akaivua okidi nyeupe inayokaa juu ya miti. Ile haili mti, jamani, msiisingizie. Inakaa tu begani kwa mti kama mgeni mwenye adabu, mizizi yake inaning'inia hewani, inakunywa ukungu. Akaishusha kwa mikono miwili kama mtu abebaye yai. Lakini bondeni ukungu hakuna. Siku ya tatu ikanyauka.

Mahindi ya bonde yalikuwa yanaanza kupauka.

Tusekile akakaa chini uwanjani, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Mbuzi mmoja akapita karibu, Kipesile akamfukuza kwa kelele mpaka nje ya kijiji, akarudi anahema. Tusekile akamuuliza kwa upole kwa nini anamkimbiza mbuzi mbali namna ile. Hapo Kipesile akavimba. Akamweleza kwamba uwanja wa Mwene hauishii kwenye uzio. Pale Mwene anapoketi juu ya kigoda chake kuhukumu, panakuwa uwanja wake siku zote, kwa maana haki imetamkwa hapo mbele za Mungu. Na uwanja huo unafika hadi jicho la Mwene linapofika akiwa ameketi. Ndani yake jembe haliinuliwi, mnyama wa kufugwa halishwi. Na yeye Kipesile, peke yake, ndiye mlinzi wake.

"Kazi kubwa," Tusekile akasema.

"Si ya kila mtu," Kipesile akasema.

Tusekile akapanda mlima polepole. Neno lile lilikuwa limemkaa kichwani lakini hakujua alifanyie nini. Alipofika nyumbani alimkuta mama mkwe wake, bibi Syabumi, anapepeta ulezi. Bibi Syabumi alikuwa na ulimi kama upupu. Watu walimheshimu wakiwa mbali.

Tusekile akapiga magoti. Alisema maua matatu yamekufa mikononi mwake. Kisha akasema na lile jingine, lililokuwa limekaa ndani yake miaka mitatu. Akasema jembe. Akasema mapacha wote wawili. Akasema hapakuwa na nguruwe.

Bibi Syabumi hakuacha kupepeta.

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza," alisema. "Nguruwe hafukii shimo."

"Mama, mbona hukusema?"

"Dhambi ilikuwa yangu? Nilikuwa nakungoja wewe. Umenichelewesha mpaka meno yameisha."

Kisha akaweka ungo chini. Akamwambia kwamba kuungama kwa mkwe peke yake ni kunawa mkono mmoja. Aliyekula mbegu ya watu wote hukiri mbele ya watu wote, mbele ya Mwene. Na adhabu yake anaijua: hurudishwa kwa baba yake na jembe limefungwa shingoni, asikanyage tena Ilundo. Tena jambo hili halisemwi bondeni. Kosa la ardhi husikilizwa juu ya ardhi ile ile, pale jembe lilipopiga mara ya kwanza. Mwene hupanda mwenyewe, na kigoda chake.

Tusekile akainua uso. Machozi yalikuwa bado yanatiririka, lakini chini ya machozi palikuwa na kitu kingine.

"Na kigoda chake, mama?"

"Na kigoda chake."

"Akae juu yake ahukumu?"

"Sasa atahukumu amechuchumaa?"

Wanawake wale wawili wakatazamana. Bibi Syabumi akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Kisha akanyamaza, akamshika Tusekile kidevu, akamwambia ajue vizuri: nyika inaweza kupona na yeye akafukuzwa. Tusekile akasema anajua. Usiku ule hakulala, alisali. Kulipokucha akashuka bondeni, akasimama mbele ya Mwene Malundo, akasema ana kosa la ardhi la kuungama.

Basi Mwene akapanda mlima. Loo, mngemwona. Vijana wanne mbele, vijana wanne nyuma, kigoda kichwani kwa mmoja wao, na Mwene katikati anapumua kama mvukuto wa mhunzi. Kipesile nyuma yake analalamika habari za baridi. Watu wa Ilundo wote wakafuata. Tusekile akawapitisha kwenye mteremko mtupu, wakautazama, wakapita. Akawapeleka mpaka ukingo wa juu kabisa, kwenye shimo la kwanza. Hakusema uongo. Ndipo jembe lilipopiga.

Lakini sikilizeni balaa. Walipofika, ukungu ukashuka. Ukungu mzito, mweupe, ukungu wa kukata kwa kisu. Mwene akawekewa kigoda, akaketi, na hakuona hata vidole vya miguu yake. Jicho lake lilifika magotini likakwama.

Tusekile akautazama ukungu ule. Uwanja wa kutosha kuku mmoja. Angefanya nini?

"Afanye nini, jamani?"

Aseme!

Naam. Akaanza kusema. Na akasema polepole.

Akaungama habari ya harusi ya wifi yake. Hakuacha kitu. Akasema namna alivyokiona kijiti kichelevu, namna alivyolichukua jembe, namna alivyotazama huku na kule akamsahau aliye juu. Akasema alivyofurahi watu walipolamba vidole. Watu wakaguna. Na alipokuwa akisema, upepo mdogo ukapita, ukungu ukarudi nyuma kidogo. Mwene akainamisha macho. Magotini pake, nyayoni pake, kila upande, palikuwa na okidi za njano. Nyingi, zimesimama kimya, zina umande, kama watu waliokuja kusikiliza kesi.

Mwene akavuta miguu asizikanyage.

Tusekile akaungama habari ya nguruwe. Akasema jinsi alivyoona jirani yake Ambokile akichinja nguruwe wake wote kwa aibu ya kusingiziwa, huku yeye amenyamaza. Akamgeukia Ambokile hapo hapo, akamwomba msamaha, akaahidi kumlipa nguruwe kwa nguruwe. Ambokile akafuta pua kwa kiganja, akasema yamekwisha, ila jike alikuwa na mimba. Watu wakacheka. Ukungu ukarudi nyuma tena. Sasa Mwene akakiona kinamasi chote huko chini, na okidi nyekundu zimesimama majini kama mabinti wanaochota maji.

Kipesile akainama sikioni kwa Mwene. Akamwambia kwamba mwanamke amekwisha ungama, makosa mawili yanatosha, atoe hukumu washuke, kuna baridi.

Tusekile akatazama ng'ambo. Msitu bado ulikuwa umefunikwa.

"Mwene, sijamaliza," akasema. "Ninayo mengine."

"Sema, mama," Mwene akasema.

Basi akakung'uta moyo wake kama mtu akung'utavyo gunia. Akaungama yai alilokula, bibi Syabumi akiwa amelitunza la kutotolesha. Bibi Syabumi akasema kwa sauti kwamba hilo nalo alilijua. Akaungama kwamba alicheka msibani. Akaungama kwamba alisali kila asubuhi na jembe limefichwa nyuma ya mlango, na akasema amina bila kuona haya. Hapo sauti yake ikakatika kweli, maana hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akalia mbele ya watu.

Upepo ukaja kutoka bondeni, ukaukunja ukungu kama mkeka, ukaondoka nao.

Jua likawaka. Mwene Malundo akanyanyua uso, akauona msitu wote, na kila mti umebeba okidi nyeupe mabegani. Akaona nyika kutoka ukingo hadi ukingo, njano na nyekundu na zambarau, mpaka mahali mbingu inapogusa nyasi. Mzee yule mzito, aliyetawala mlima maisha yake yote bila kuupanda, akavua kofia.

Kipesile alikuwa wa kwanza kuelewa. Akapiga kelele Mwene afumbe macho, akaruka mbele yake kumzibia na shuka lake. Amechelewa. Jicho halirudishi lilichokiona.

"Mwene, huyu mwanamke amekuhadaa," akasema. "Alikuwa anarefusha maneno angoje ukungu uondoke. Ameugeuza mlima mzima kuwa uwanja wako."

Mwene akamtazama Tusekile.

"Ni kweli?"

Tusekile angeweza kukana. Nani angemjua? Lakini alikuwa ameshaionja ladha ya kusema kweli, na ilikuwa tamu kuliko sifa.

"Ni kweli, Mwene wangu. Makosa yote niliyoyasema ni yangu, sikuongeza hata moja. Ila niliyasema polepole kwa makusudi. Na hilo nalo naungama."

Mwene akaanza kucheka. Alicheka mpaka kigoda kikayumba, vijana wawili wakakishika. Akapangusa macho. Kisha akasimama, na watu wote wakapiga magoti.

Akasema kwamba sheria ya kigoda si yake, ameikuta, na ataiacha. Alipoketi ni uwanja, na jicho lake limefika hadi mwisho wa msitu. Maua aliyataka uwanjani kwake, nayo yamechanua uwanjani kwake. Ng'ombe hawatapanda. Jembe halitainuliwa. Wanawake watachimba kwa kijiti na vidole kama zamani, mmoja wa kula, mmoja wa kurudi.

"Na huyu?" Kipesile akauliza.

"Huyu nikimrudisha kwa baba yake," Mwene akasema, "ule mteremko mtupu atauvika nani? Wewe?"

Hukumu ikawa hiyo. Miaka saba Tusekile asile chikanda wala asichimbe cha kula. Kila mwanamke atakayechimba atampa mashina machache yenye pacha mweusi, naye atayapanda mteremkoni kwa vidole vyake. Tusekile akaibusu ardhi. Wanawake wa Ilundo wakapiga vigelegele, mlima ukavirudisha, wakavipiga tena. Ambokile alicheza mpaka akapoteza kiatu kimoja. Wakamteremsha Mwene kwa nyimbo, na njiani akasimama mara tatu kugeuka nyuma.

Na Kipesile? Ah, Kipesile. Si ndiye mlinzi wa uwanja, peke yake, kazi isiyo ya kila mtu? Kuanzia siku ile alikimbia mlima mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, akifukuza ng'ombe. Wakiingia huku anakwenda huku, wakiingia kule anakwenda kule. Alikonda. Shingo yake ikazidi kurefuka. Wanawake wakipita na vijiti vyao walimpa pole, wakamwachia viazi vya kuchoma, na mwisho akawa mtu mwema, maana hakubakiwa na pumzi ya fitina.

Tusekile akapanda. Mwaka wa kwanza mteremko haukujibu. Mwaka wa pili haukujibu. Mwaka wa tatu, mvua za kwanza, bibi Syabumi aliamka mapema akaenda kuchungulia, akarudi anakimbia kwa miguu yake mibovu, khanga mkononi.

"Mkwe wangu," akasema, "toka nje uone aibu yako ilivyovaa."

Tusekile akatoka. Mteremko ulikuwa wa njano wote. Na kule bondeni, kwenye njia, Mwene Malundo alikuwa tayari anapanda, anahema, fimbo mkononi, hakuna aliyemsindikiza. Ndivyo ilivyo mpaka leo: okidi haimfuati mtu. Anayeitaka huifuata inakokaa, nyasini, majini au mtini, hata kama yeye ni mwene.

Ngano imekaa hapo. Ikiwa tamu, sifa ni za Mungu. Ikizidi chumvi, ni mkono wangu, naungama, mnisamehe.

Tumekusamehe.